Ng'ombe Aliyekula Ngoro

Asubuhi ya leo amenipiga teke tena. Tuseme alipiga ndoo, lakini ndoo ilikuwa katikati ya magoti yangu, kwa hiyo teke tumegawana. Maziwa yote yakaingia kwenye samadi, na yeye akageuza shingo kunitazama kana kwamba mwenye makosa ni mimi. Nilibaki nimekaa kwenye kigoda, sketi imelowa, nikamwambia maneno ambayo itabidi niyapeleke kwenye kitubio. Kisha nikasuuza ndoo nikaanza upya, maana chuchu moja ilikuwa bado na kitu.

Wageni wanaofika hapa kwetu Maguu wakapewa chai ya maziwa hupenda kuniambia, "Mama, wewe una bahati." Neno hilo linanikera. Bahati ni kuokota. Huyu ng'ombe mimi sikumwokota njiani, na nikieleza nilivyompata watu hucheka, halafu wanaomba kikombe kingine. Basi leo naandika, na anayetaka kucheka acheke huko huko aliko.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, ambako kitoweo kinatoka majini, na usipa, dagaa wa kwetu, hauombi majani wala haudai kuchotewa maji. Niliolewa huku juu milimani, kwa Wamatengo, miaka ishirini na miwili iliyopita, na nilikuta kila kitu kina mwenyewe. Mibuni ilipandwa na baba mkwe. Shamba lilifyekwa na babu yake mume wangu. Sufuria kubwa ya sherehe ni ya mama mkwe, Mungu amrehemu, na mpaka leo wifi zangu wakija huitafuta kwa macho kabla hawajakaa. Kahawa naichuma mimi, naimenya mimi, naianika na kuichagua mimi, lakini siku ya kuipeleka chama cha ushirika anayesaini ni mume wangu, kwa sababu jina lililo kwenye daftari ni lake. Jina langu halikuwa na kazi. Watu wa huku waliniita Mnyasa, na nilipojifungua wakaniita mama wa mwanangu. Mume wangu alikuwa ananiita "wewe", na akiwa na furaha, "wewe mama".

Sisemi kwamba nilionewa. Mume wangu si mlevi, na maharage ya mwaka mzima yamo ndani. Lakini nilikuwa nimefika umri wa kutaka kitu kimoja tu ambacho nikiulizwa ni cha nani, nijibu bila kumtazama mtu usoni.

Kikundi chetu cha akina mama wa parokia kikaanza kukopesha mitamba, yaani ng'ombe jike ambao hawajazaa bado. Utaratibu ni rahisi kuusema. Unapewa mtamba mwenye mimba, unamtunza, ndama jike wa kwanza unampeleka kwa mama anayekufuata kwenye orodha, na ng'ombe anabaki wako. Ukishindwa kumtunza, kamati inakuja kumchukua, na anakwenda kwa huyo huyo anayekufuata. Nilijiandikisha kabla tangazo halijaisha.

Kabla ya kupewa, lazima kwanza uonyeshe banda. Nilihudhuria mafunzo kila Alhamisi. Nilibeba kwa kichwa mawe ya sakafu kutoka kijitoni. Nilichimba shimo la samadi mpaka nikawa nachungulia nje kwa kuruka. Nilipanda majani ya guatemala ya kulisha ng'ombe kwenye kingo za shamba la kahawa, vipande vyembamba kama penseli, nikaambiwa nivisubiri mwaka mzima ndipo nivikate. Mume wangu alichangia sentensi moja. Alisimama mlangoni mwa banda, akaigonga sakafu kwa kisigino, akasema, "Huyu atalala pazuri kuliko mimi." Kisha akaenda zake kupogolea mibuni.

Siku ya kukabidhiwa ilikuwa mwezi wa kwanza, uwanja wa parokia umejaa matope. Mume wangu hakuwahi kuja Alhamisi hata moja, lakini siku hiyo alitangulia na koti lake la Jumapili. Mimi nikapewa kamba. Upande wa pili wa kamba alikuwepo mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajani, mimba ya miezi mitano, na hakuwa na nia ya kusimama. Alinizungusha uwanja mzima mbele ya watu. Nikiwa huko mbali nikasikia katibu wa kikundi anaita, "Mkuu wa kaya asaini hapa." Mume wangu akajipangusa vidole kwenye koti, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote na kuweka ile sahihi yake yenye mkia mrefu, ile ile ya kahawa. Nilipofika mezani, viatu mkononi, daftari lilikuwa limeshafungwa.

Njiani nilimuuliza, "Mbona umesaini wewe?"

"Nani alikuwa na mkono?" akajibu. Na kweli mkono sikuwa nao, na ndicho kilichoniudhi zaidi.

Tangu siku ile, sahihi hiyo ikawa fimbo. Ng'ombe akisifiwa na wapita njia, alikuwa ng'ombe wetu. Akiharisha, alikuwa ng'ombe wako. Na tukikosana, hata kama ugomvi ni wa chumvi kwenye mboga, alimalizia kwa maneno yale yale: "Nitamrudisha parokiani. Sahihi ni yangu." Alikuwa anaweza, hilo ndilo lililoninyima raha. Kitu pekee nilichokihangaikia mwenyewe kilikuwa kinaweza kuondoka kwa neno la mtu mwingine, siku ambayo chumvi imezidi.

Mafunzoni walitueleza kupe, minyoo, jiwe la chumvi na namna ya kuelekeza mkojo shimoni. Yote hayo niliyaweza. Hawakutueleza vya kutosha kwamba ng'ombe anakula. Anakula asubuhi, anakula mchana, anakula jioni, na katikati anatafuna tena alichokula ili asikae bure. Nilimpigia simu dada yangu Lundo kumlalamikia. Alicheka mpaka simu ikakatika, na alipopiga tena akasema, "Si urudi nyumbani tukupe samaki ufuge."

Na usidhani huku hakuna majani. Mwezi wa pili milima yote ni kijani mpaka macho yanachoka. Lakini kila jani lina mwenyewe, na mwenyewe ana mpango nalo, na mpango huo unaitwa ngoro.

Kwa asiyejua: miteremko yetu ni mikali, ukilima ovyo mvua moja tu inalihamishia shamba lako kwa jirani wa chini. Kwa hiyo watu wa huku huacha shamba lipumzike, nyasi zikue mpaka kifuani. Mwezi wa pili na wa tatu mwanamume anazikata kwa nyengo, yaani panga la kufyekea lililopinda, anaziacha zinyauke, kisha anazilaza kwa mistari ya kushuka na ya kukatiza, mpaka shamba linakuwa miraba miraba kama daftari la hesabu. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke ndiye anayeingia na jembe, anasimama katikati ya kila mraba, anachimba udongo na kufukia zile nyasi pande zote nne. Katikati panabaki shimo, pembeni matuta. Maharage yanapandwa juu ya matuta, na mvua ikinyesha maji yanatuama mashimoni badala ya kukimbia. Hizo nyasi zilizofukiwa ndizo zinazoshika tuta lisimame, na baadaye zikioza zinakuwa mbolea.

Mume wangu ni fundi wa ngoro, nasema bila kumpaka mafuta. Mistari yake imenyooka, nyasi zake anazilaza nene kama paja, na watu wa chuo waliwahi kuja kumpiga picha ameinama. Shamba la nyuma ya nyumba lilikuwa limepumzika miaka miwili likisubiri mwezi huo. Nyasi zilisimama pale, hatua thelathini kutoka bandani, na ng'ombe alikuwa anaziona.

"Nipe ukingo mmoja tu," nilimwomba.

"Ukingo mmoja ni debe la maharage," alisema. "Maharage tunakula kila siku. Huyo maziwa yake umeshayaona?"

"Atatoaje maziwa asipokula?"

"Mpe guatemala yako."

Guatemala yangu ilikuwa inanifika kwenye kifundo cha mguu. Nikamkumbusha kwamba kwa mila yao wenyewe, kukata nyasi ni kazi ya mwanamume. Akasema mila imetaja nyasi za ngoro, za ng'ombe haikuzitaja. Nilichukua gunia langu nikaenda kugombania majani ya kando ya njia na mbuzi wa watu. Nilikuwa narudi na gunia nusu, nimechoka mwili na roho, na ng'ombe analimaliza kabla sijanawa mikono.

Wiki ya kwanza ya Kwaresima kamati ikaja kukagua. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, mpole wa sauti lakini si wa macho. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaingia bandani moja kwa moja. Akapitisha kidole ubavuni mwa ng'ombe, mbavu moja baada ya nyingine, taratibu.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu ana mimba ya miezi saba na mbavu zake zote nimezigusa. Banda ni zuri, lakini banda haliliwi. Tutarudi wiki ya Pasaka. Tukimkuta hivi, tutaondoka naye."

Hakusema kwa ukali, na hilo lilinichoma zaidi. Nilijua kabisa atakwenda wapi. Mama aliyenifuata kwenye orodha anakaa ng'ambo ya kijito, na kila asubuhi alikuwa ananipitia kunijulia hali, mkono ananipungia mimi, macho yako bandani. Kwake nilikuwa nimeshaona mawe ya sakafu yamepangwa uani.

Mume wangu alisikia yote akiwa amekaa barazani ananoa nyengo yake. Nilitegemea aseme kitu. Alisema, "Kesho nalaza nyasi."

Basi niliiba.

Alipomaliza kulaza, nilisubiri mchana anapokwenda kwenye shamba la kahawa la upande wa pili wa mlima. Nikashuka mpaka mistari ya chini, ambayo kutoka nyumbani haionekani. Sikuchukua mstari wote, ningekamatwa siku hiyo hiyo. Nilipenyeza mkono katikati nikachomoa nyasi za ndani, nikaziacha za juu zimelala vilevile. Ukitazama ni mstari, ukikanyaga mguu unagusa ardhi. Kesho yake nikachomoa mraba mwingine, na keshokutwa mwingine. Mtu aliyekulia kwenye ngoro asingefanya hivyo hata kwa kushikiwa fimbo. Mimi nilikulia mchangani. Kwenye akili yangu nyasi zile zilikuwa mbolea tu, na mbolea nilikuwa nimeshapanga kuirudisha, maana ng'ombe anayo na haimpi shida kuitoa.

Ng'ombe alizipenda nyasi zile zilizonyauka. Baada ya wiki moja alianza kung'aa mgongo. Nilikuwa nasimama bandani namsikiliza anavyotafuna, nikasikia raha, nikasikia na woga.

Ikaja zamu yangu ya kufukia. Kazi hiyo hatuifanyi peke yetu, tunaifanya kwa ngokela: leo wanawake wote wanakuja kwako na majembe, unawapikia na kuwaandalia pombe, kesho mnakwenda kwa mwingine. Mwaka ule sikumwita mtu. Ningemwita nani, wakati jembe la kwanza tu lingekutana na mstari mtupu na habari zingefika kisimani kabla ya jua kutua? Mume wangu alishangaa.

"Ngokela yako lini?"

"Ni Kwaresima," nikamwambia. "Mambo ya pombe sitaki."

Alinitazama kwa heshima. Miaka ishirini na miwili nilikuwa naitafuta heshima ile, na nimeipata kwa uongo. Nikachukua jembe nikashuka.

Nilifukia shamba zima peke yangu, siku tisa. Mgongo ulikuwa haunyooki, ikabidi nile chakula cha jioni nimelala ubavu. Lakini kila tuta nililofunika lilikuwa kosa moja limezikwa, na juu yake nikapanda maharage. Nilipomaliza, shamba lilikuwa zuri. Matuta yamekaa, mashimo yamekaa, huwezi kujua lipi lina nyasi na lipi halina. Mume wangu alilitazama kutoka juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mnyasa kumbe umejifunza."

Siku za mwizi ni arobaini, na Kwaresima nayo ni arobaini. Mimi hata hizo sikuzipata zote.

Jumanne ya Juma Kuu, mchana, maharage yana majani mawili mawili, ikanyesha mvua ambayo sisi wa ziwani tungeikimbilia ndani na kufunga madirisha. Tulikuwa barazani. Mashimo yalijaa kama yanavyotakiwa, matuta ya juu yakashika. Halafu tuta moja la chini likalainika, likakaa chini kama mzee aliyechoka, na maji ya shimo lake yakaingia shimo la pili, hayo mawili yakaingia la tatu. Tuliyaona yanafuatana. Robo nzima ya shamba iliteremka na maharage yake, ikaenda kulala juu ya miche ya kahawa ambayo mume wangu alikuwa ameipanda mwaka ule ule. Ikabaki ncha za majani tu.

Mvua ilipopungua alijifunika gunia, akashuka. Nilimfuata, sijui kwa nini. Alichuchumaa kwenye tuta lililopasuka, akaingiza mkono ndani ya udongo mpaka kwenye kiwiko, akapapasa. Akahamia lingine, akapapasa. Alipapasa matuta saba. Mtu aliyelaza nyasi nene kama paja anajua alichokilaza. Kisha akapanda mpaka bandani, mimi nyuma, akachota kwenye hori makapi yaliyobaki, akayanusa, akayakunjua kwenye kiganja. Nyasi zake anazijua.

"Nyasi zangu ziko wapi?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini ng'ombe alikuwa amesimama pale, amenenepa, shahidi mwenye tumbo.

"Uko nazo macho kwa macho," nilisema. "Zimo humo."

Hakunitukana. Hakuinua mkono. Hakusema hata ile ya kurudisha parokiani, na nilipoona hasemi ndipo nikajua ng'ombe ataondoka, maana mtu anayekusudia kweli hatishii. Hasira zangu zote za miezi mitatu zilikwisha, nikabaki na aibu tupu. Aibu ni mbaya kuliko hasira, haina wa kumrushia. Nilikuwa nimelima peke yangu siku tisa kuficha wizi, nimeharibu chakula cha nyumba, nimezika kahawa ya mtu, na yote hiyo kwa ajili ya ng'ombe ambaye kwenye daftari hakuwa wangu.

Kulipokucha Jumatano, mume wangu hayupo na kamba ya ng'ombe haipo kwenye msumari wake. Sikuvaa hata kanga vizuri. Nilikimbia bandani nikijua nitakuta patupu, nikamkuta ng'ombe amelala, anacheua, ananiangalia kwa dharau yake ya kila siku. Nikakaa chini pale pale kwenye mawe yangu ya sakafu. Sikuelewa kitu.

Akatokea njiani na mzigo wa nyasi mbichi kichwani, mkubwa mpaka uso hauonekani, umefungwa kwa ile kamba. Nyasi zilikuwa za shamba lake la juu kabisa, lile alilokuwa amelipumzisha kwa ngoro ya mwaka ujao. Aliutupa mzigo mbele ya hori.

"Afadhali nikupe kuliko uniibie," alisema. "Na usimpe zilizonyauka peke yake, ana mimba huyu. Changanya na mbichi."

Hakuhudhuria Alhamisi hata moja, na sasa ananifundisha kulisha. Nilifungua fundo la kamba kwa meno, kwa hasira, nikachanganya.

Tukashuka shambani wote wawili. Yeye alilaza nyasi upya pale palipobomoka, mimi nikafuata na jembe nikifukia, na kila tuta alisimama akalikanyaga kwanza kabla hajaniruhusu kuendelea. Miche ya kahawa tuliifukua kwa vidole, mmoja mmoja. Ijumaa Kuu tulipumzika kwa sababu hakuna namna nyingine. Jumamosi tukaendelea. Kila asubuhi, kabla ya hayo yote, alileta mzigo wa nyasi, na lile shamba la juu likawa linabaki upara, na watu wakipita walikuwa wanamuuliza kama siku hizi analima ng'ombe.

Jumatano ya wiki ya Pasaka kamati ikarudi. Mwenyekiti akapitisha kidole ubavuni, akakirudisha, akakipitisha tena. Mbavu hakuzipata.

"Sasa huyu ni ng'ombe," akasema. "Nani anakata majani?"

"Mimi," akasema mume wangu.

Siku saba. Alikuwa amekata siku saba, na moja kati ya hizo tulikuwa kanisani kwa hiyo alikata kidogo. Mwenyekiti akampa mkono. Akasema wanaume wa namna hii wamekuwa wachache, akasema angependa Alhamisi moja aje awaambie waume wengine. Mume wangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimesimama pale mikono imechanika kwa nyasi za kando ya njia.

Katibu akaweka daftari juu ya ukuta wa hori, akalifungua. "Mwenye ng'ombe asaini kwamba tumemkagua."

Mume wangu akanyoosha mkono. Sidhani hata aliwaza, mkono wake umezoea kalamu kama wangu ulivyozoea jembe.

"Hapana," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Ng'ombe mwenyewe aliacha kutafuna. "Leo kamba sijaishika. Mikono yangu hii hapa."

Katibu akatazama ukurasa, akasita. "Lakini, mama, jina lililoandikwa hapa ni la baba."

Mwenyekiti alimgeukia mume wangu. Nikajua saa yangu imefika. Angesema tu liache lilivyo, basi, ningemlisha ng'ombe wake mpaka kufa kama ninavyochuma kahawa yake, na kwa nilivyomfanyia ngoro yake hakuna hata mmoja pale ambaye angenionea huruma. Wala mimi nisingejionea.

Alitazama shamba la nyuma, matuta mapya bado yana udongo mweusi kuliko mengine. Akatazama mikono yangu, niliyokuwa bado nimeinyoosha kama mtu anayeomba.

"Futa hilo," akamwambia katibu. "Andika la mwenyewe."

"Mama nani?" katibu akauliza, kalamu tayari. Hakuwa na ubaya. Hata yeye, Alhamisi zote zile, alikuwa ananiita Mnyasa.

Mume wangu akavua kofia. Akalitaja jina langu la ubatizo, akaongeza la baba yangu, akaongeza la babu yangu wa Lundo, polepole, moja moja ili katibu asikosee, vile vile padri alivyolisoma kanisani Jumapili tatu mfululizo kabla hatujafunga ndoa. Tangu Jumapili ile ya tatu sikuwahi kulisikia lote likitoka mdomoni mwa mtu.

Nikasaini. Sahihi yangu haikuwa na mkia, na herufi zilipinda. Kisha nikachukua ndoo nikasema nakwenda kuchota maji, ingawa maji yalikuwepo, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka Mwenyekiti ayaone akadhani ni ya shukrani. Yalikuwa ya hasira. Kumbe alikuwa analijua. Miaka ishirini na miwili alikuwa nalo lote kichwani, mpaka la babu, na ananiita "wewe".